Kumwombea Jaël

Kikula, Likasi, tarehe 12 Oktoba 2024

Shangazi Mathilde, tatu mukaji wangu,

Moyo webe, nakusalimu, baba yangu wa kike. Natumaini barua hii inakukuta umeketi kivulini na siyo shambani na jembe, maana Baba anasema wewe hujui kupumzika tangu mlipokuwa wadogo. Sisi huku tuko salama. Kaka yako magoti bado yanamsumbua, lakini mdomo haumsumbui hata kidogo. Kila asubuhi anagombana na redio juu ya mambo ya reli, utadhani bado yuko kazini na treni zote zinangoja ruhusa yake. Mvua zimeanza, Kikula yote ni tope. Cathy, mdogo wangu, amepata mchumba, kijana mpole wa mtaa wa Panda ambaye anakula zaidi kuliko anavyoongea. Mama amekwisha kumpenda kwa sababu hiyo.

Barua hii anakuletea mama mmoja wa kanisa letu anayepanda treni kuja huko Mwene-Ditu kununua mahindi. Najua Georges, mjukuu wako, ana simu, lakini sijasahau ulivyosema: masikio yako hayasikii simu tena, na Georges akikusomea ujumbe, lupango yote, majirani wote wa ua wenu, inasikia kabla yako. Basi naandika.

Nina habari ya kukufurahisha. Directeur Albert, mkuu wa shule yetu, amenipa kazi mpya zaidi ya kufundisha darasa langu la nne. Kanisa limeomba kila shule yake iwe na mwalimu mmoja wa kuwasikiliza watoto, siyo masomo tu, bali mioyo yao pia: nani analia, nani hali chakula, nani anapigana, nani amefiwa. Amenichagua mimi. Kwa kuwa hakuna chumba kingine, nawapokea wakati wa mapumziko katika chumba kidogo wanamowekea ngoma za kwaya. Mtoto anaketi juu ya ngoma kubwa, mimi juu ya ndogo, naye anasema anachotaka. Shangazi, wanakuja. Sikuamini kama wangekuja.

Acha nikuambie juu ya mmoja. Anaitwa Jaël, ana miaka tisa. Mwaka jana huyu mtoto mkono wake ulikuwa juu hata kabla ya swali kuisha. Mwaka huu analala juu ya dawati na midomo yake imepasuka. Nilimwita. Siku ya kwanza alichezea kamba za ngoma tu. Siku nyingine akaniambia kwamba nkambo yake, mama ya mama yake, aliyekuwa akilala naye kitanda kimoja, alikufa mwezi wa nane, na tangu hapo anakojoa kitandani karibu kila usiku. Dada zake wanakataa kulala naye. Ndiyo sababu hanywi maji kutwa nzima, hata tone, ili usiku apite salama. Ndiyo sababu ya midomo.

Nililia mbele yake, sikuona haya. Halafu nikafanya tunavyofanya sisi watu wa maombi: Ijumaa nililipeleka jambo hilo kwa Mama Hélène na kikundi chake cha waombezi. Sikutaja jina, unanijua. Nilisema tu kwamba ni msichana wa darasa langu, aliyefiwa na nkambo mwezi wa nane, mama yake anauza mikate ya mafuta pale penye soko la Kikula. Waliguswa sana. Mama Hélène amesema watakwenda mpaka nyumbani kumwombea. Nimeanza kuona kwa nini Mungu alinipa kazi hii.

Uje basi uone shule yetu. Baba na Mama wanakusalimu.

Mtoto wako,
Orpha


Mwene-Ditu, 16 Novemba 2024

Mutoto yangu Orpha,

Barua yako ilifika na harufu ya samaki, sijui ile mama aliiweka wapi, lakini niliisoma yote. Aksanti. Minye niko muzima. Masikio imekufa, macho ingali inaona, na mikono ingali inalima, basi sina shida. Georges amefaulu masomo, sasa anatembea na kalamu mu mufuko ya shati hata siku ya Mungu, ili watu wajue. Mahindi ilitoka vizuri. Ambia baba yako aachane na redio, haitamujibu. Na huyu kijana wa Cathy, mumupe bukari na mboga ya kutosha, mwanaume anayekula kwa wakwe bila haya hana roho mubaya.

Sasa tuongee.

Unaniambia hukutaja jina ya mutoto. Haya. Uliondoa jina, ukaacha kalasi unayofundisha, ukaacha marehemu, ukaacha mwezi, ukaacha mama na mikate yake na mahali anapoketi. Minye ni kizee, sisikii, nakaa mbali, lakini ukinishusha leo ku gare ya treni ya Likasi nitafika kwa ile mutoto kabla jua halijaenda. Na weye unafikiri bamama wa kwenu Kikula wameshindwa kumujua?

Nijibu maneno hii. Bamama walienda? Waliimba? Walikuwa na ngoma? Lupango ile iko na nyumba ngapi ndani, na walioketi inje siku ile walikuwa nani? Na mutoto mwenyewe, kuna muntu alimuuliza kama anataka?

Tena umwambie anywe maji. Anywe mingi asubuhi na mchana, apunguze jua likienda, na mama amuamshe mara moja kabla yeye mwenyewe hajalala. Asimupige. Huyu mutoto hana ugonjwa, iko na huzuni. Usiniulize nimejua namna gani.

Niandikie habari yake haraka.

Shangazi yako,
Mathilde


Kikula, Likasi, tarehe 15 Desemba 2024

Shangazi mpendwa,

Moyo webe, na heri ya Noeli inayokuja. Barua yako imefika, ahsante sana. Tumefurahi kusikia Georges amefaulu. Baba alicheka mpaka akakohoa juu ya ile kalamu, halafu akaniuliza kwa siri kama kweli umesema redio haitamjibu.

Huku kazi ni nyingi mno. Tumemaliza mitihani na sasa tunatayarisha mchezo wa Noeli. Mwaka huu darasa langu ndilo linatoa wachungaji na kondoo. Wachungaji wamepatikana, ila kondoo hakuna anayetaka kuwa, mpaka nikasema kondoo watapewa biskuti kwanza. Sasa nina kondoo kumi na nane na wachungaji wawili. Directeur Albert ameshika kichwa. Amepaka ukuta wa shule rangi ya buluu, umependeza, ingawa mvua imekwisha kuuvua upande wa barabara.

Familia ya mchumba wa Cathy walikuja rasmi. Walileta mbuzi, mbuzi akakata kamba akaingia kanisani wakati kwaya inafanya mazoezi, akala maua ya mimbari. Wazee wanasema ni baraka. Mama anasema ni mbuzi.

Mambo ya shule yanaendelea vizuri. Watoto wangali wanakuja chumba cha ngoma, siyo wengi kama mwanzo, labda kwa sababu ya mitihani.

Pokea salamu za wote. Utakuja kwenye harusi?

Orpha


Mwene-Ditu, 18 Januari 2025

Orpha,

Mwaka mupya na amani. Minye niko muzima, Georges iko muzima, mihogo iko muzima.

Nimesoma barua yako mara ya kwanza nikacheka. Nikasoma mara ya pili nikitafuta mutoto. Nimepata kondoo, nimepata rangi ya buluu, nimepata mbuzi na maua. Jaël sikumupata.

Minye ni mudogo wa baba yako. Najua vile bantu wa nyumba yetu wanafanya wakiwa na neno mubaya tumboni: wanachekesha watu. Baba yako alifanya vile siku alipovunja baiskeli ya mzee wetu, tulicheka mpaka magaribi.

Mutoto iko wapi?

Mathilde


Kikula, Likasi, tarehe 9 Februari 2025

Shangazi,

Nakusalimu. Nyumbani wote wazima.

Umetaka kujua, basi ujue. Walikwenda Jumamosi alasiri, Mama Hélène na wenzake, na ngoma moja ndogo na kitabu cha nyimbo. Ndiyo, waliimba. Ndiyo, lupango ile ina familia nyingi, na alasiri ya Jumamosi wote wako nje, wanawake wanasuka nywele, wanaume wanacheza dama. Walimweka Jaël katikati ya duara, wakamwekea mikono kichwani, wakaamuru roho ya mkojo imtoke. Kwa sauti kubwa, kama kanisani. Watoto wa jirani walipanda juu ya ukuta kuangalia. Mama Providence, mama yake, hakujua la kufanya. Unafukuzaje watu wanaokuombea?

Jumatatu darasani watoto wakaziba pua. Mimi niliwakemea, wakaacha mbele yangu, wakaendelea nyuma yangu. Kabla ya Novemba kuisha Jaël akaacha kuja. Nimekwenda nyumbani kwao mara mbili. Mama anasema mtoto anaumwa tumbo. Haumwi tumbo, Shangazi. Nimemwona kwa macho yangu pale penye soko, anageuza mikate ndani ya mafuta pamoja na mama yake. Aliponiona aliinama chini ya meza, akakaa huko mpaka nilipoondoka. Directeur amesema asiporudi baada ya likizo ya Pasaka, nafasi yake mwaka huu imekwisha. Na wewe unajua mtoto wa kike akikosa mwaka na mkono wake umekwisha kuzoea biashara, harudi. Nina wanafunzi wa zamani pale sokoni wanaoniita Madame wakinihesabia nyanya.

Sasa umefurahi? Unaniandikia kana kwamba mimi nilitaka hayo. Kuomba siyo dhambi. Hata wewe uliombewa utoto wako wote hapa hapa Likasi. Wale mama wanafunga, wanashinda na njaa kwa ajili ya watoto wa watu, na Mama Hélène hana hata mtoto mmoja wa kuzaa. Nilipeleka neno mahali nilipofundishwa kulipeleka. Ningefanya nini kingine? Watoto hawaji tena chumba cha ngoma. Hakuna hata mmoja. Naketi peke yangu juu ya ngoma ndogo mapumziko yote, halafu kengele inalia narudi darasani.

Usiku silali vizuri. Nimechoka kuandika.

Orpha


Mwene-Ditu, 1 Machi 2025

Mutoto yangu,

Sasa hii ndiyo barua. Pole. Pole sana, mwenyewe nililia.

Hapana, sikufurahi. Na Mama Hélène haiko muntu mubaya, na kuomba haiko dhambi. Minye naomba kila siku, naomba hata nikiwa napalilia. Lakini ile neno haikukuwa yako, Orpha. Mutoto alikupa uishike. Weye ukaigawa.

Ningefanya nini, unauliza. Nenda kwa ile mutoto umuombe pardon. Siyo mama yake. Yeye. Usiende na Biblia mu mukono, usiende na Directeur, usiende na zawadi. Usimuambie Mungu aliruhusu. Usifunge macho. Umuangalie, useme nilikosa, nisamehe, halafu unyamaze.

Ndiyo hiyo tu. Mvua inanyesha huku, karatasi inalowa.

Mathilde


Kikula, Likasi, tarehe 23 Machi 2025

Shangazi,

Amani kwako. Harusi ya Cathy imesogezwa mpaka mwezi wa nane kwa sababu ya msiba upande wa Panda. Baba amepata dawa ya kupaka, anasema inanuka kuliko inavyoponya.

Nimelizungumza shauri lako na Directeur Albert, siyo yote, nusu tu. Alinitazama kana kwamba nimevua viatu ndani ya kanisa. Akasema: «Madame Orpha, ukimwomba mtoto msamaha leo, kesho nani atafungua kitabu ukimwambia afungue?» Na mimi, kusema kweli, nilikumbuka nyumbani kwetu. Mama alinipiga mara nyingi bila sababu, hajaniomba pardon hata siku moja, nami nampenda. Baba pia. Mwalimu wangu wa darasa la tano alinisimamisha juani kwa kosa la mwingine, na alipogundua alinipa chaki nigawe, basi, ikaisha. Kwetu mkubwa akikosa anakupa kipande cha nyama, unaelewa.

Nimemtumia Jaël daftari jipya na kalamu mbili kwa mkono wa jirani. Zimerudi.

Sitaweza, Shangazi. Usinikasirikie.

Orpha


Kikula, Likasi, tarehe 4 Mei 2025

Shangazi wangu,

Sijapata neno lako tangu mwezi wa tatu. Watu wanasema treni imekwama upande wa Kamina na mizigo inaozea njiani. Baba anasema ni injini. Mimi nilikuwa nasema umenikasirikia. Kila mama aliyeshuka na gunia la mahindi nilimuuliza, mpaka wakaanza kunikimbia.

Labda ilikuwa vizuri. Kama ungeandika, ningekujibu, na kukujibu ni rahisi kuliko kutembea mpaka sokoni.

Nilikwenda wiki ya likizo, siku ya soko dogo, asubuhi. Nilitoka nyumbani na Biblia kwa mazoea tu, nikafika kwenye kona, nikarudi kuiweka. Mama Providence alikuwa anakanda unga. Jaël alikuwa kwenye sufuria na kijiti chake cha kugeuzia. Safari hii hakuinama, nadhani kwa sababu mafuta yalikuwa ya moto na hakuweza kuyaacha. Nikaketi juu ya kigoda karibu naye. Maneno yangu niliyarudia moyoni mara tatu, Shangazi, mimi ninayesimama mbele ya watoto hamsini bila kujali. Nikamwambia: «Jaël, ulinipa neno lako, nikalipeleka kwa watu. Sikukuuliza. Nilikosa. Nisamehe.»

Halafu nikanyamaza ulivyosema. Hujui ilivyo ngumu kwa mwalimu kunyamaza. Mdomo wangu ulitaka kusema juu ya Yesu, juu ya mitihani, juu ya nafasi yake darasani. Niliubana. Mama Providence aliacha kukanda, mikono yake ndani ya unga, akaangalia barabarani kana kwamba hatujui. Watu walinunua, wakaenda. Jaël aligeuza mikate yote upande mmoja, akaigeuza upande wa pili, akaitoa. Mwisho akasema bila kuniangalia:

«Madame, nilikuambia weye. Haikukuwa ya bamama.»

Nikasema ndiyo, haikuwa ya bamama.

«Utaniombea tena?»

Nikamwambia: «Ukinituma. Usiponituma, hapana.»

Akafikiri. Akasema, «Sasa usiniombee.» Nikasema sawa. Akanipa mkate kutoka kwenye sufuria, wa moto kabisa, nikaunguza vidole nikaula hivyo hivyo, na machozi yananitoka, watu wakidhani ni moto.

Nilirudi nyumbani bila kujua kama nimefanya kitu au sikufanya. Siku ya kufungua shule nilisimama mlangoni nikijifanya naangalia mawingu. Alikuja wa mwisho, kengele imekwisha kulia, sare yake imepigwa pasi mpaka inakata. Mama yake alikuwa ng'ambo ya barabara na beseni kichwani, hakuvuka. Alingoja mpaka mtoto ameingia, akaenda.

Nimebadilisha vitu vingine. Katika ibada ya asubuhi zamani niliuliza mbele ya wote, nani ana shida tumwombee. Sasa kila mtoto anaweka mkono kifuani, anasema na Mungu kimya, kisha tunaimba. Nimeweka pia ndoo ya maji safi na vikombe nyuma ya darasa, na wakati wa mapumziko wote wanakunywa, na mimi pia nakunywa mbele yao, ili asiwepo mmoja anayekunywa kwa kuambiwa. Kuhusu kuziba pua, niliwaita wale wakubwa wawili waliokuwa wanaanzisha, mmoja mmoja, bila kelele. Mmoja wao alilia zaidi kuliko nilivyotarajia, nikaona naye ana yake.

Directeur alisikia, maana Likasi ni Likasi. Aliniita. Nikamweleza yote, siyo nusu. Akasema, «Na kitabu, wanafungua?» Nikamwambia aje aone. Alikuja, akaketi nyuma karibu na ndoo, nikasema fungueni, wakafungua. Alikunywa maji kikombe kimoja, akatoka.

Mama Hélène ndiye aliyeniumiza. Aliposikia nimeomba msamaha kwa ajili ya maombi yao alikasirika, wiki kadhaa hakunisalimu, hata mlangoni pa kanisa. Nilifikiri nimempoteza. Juzi Mama Providence ameniambia kwamba alimwona Mama Hélène anakuja kwao jioni peke yake, bila ngoma, bila kitabu, amefunga kitu ndani ya kikwembe. Ilikuwa plastiki nene ya meza, ya kutandika juu ya godoro chini ya shuka. Akaitoa, akaiacha juu ya kiti, akaomba maji ya kunywa, akanywa, akaenda zake. Hakuomba hata sala ya kufungia. Mama Hélène huyu huyu, Shangazi, ambaye huomba hata kabla ya kuvuka barabara.

Niandikie hata kama umekasirika.

Orpha wako


Mwene-Ditu, 24 Mei 2025

Orpha, Orpha, mutoto ya kaka yangu,

Ni injini. Baba yako alisema kweli, umwambie, afurahi, haitokei mara nyingi. Barua yako ya mwezi wa tatu na ya mwezi wa tano zilifika siku moja, mu gunia moja. Nilifungua ya kwanza nikasema basi, nimeshindwa. Nikafungua ya pili nikiwa nimesimama, nikaketi chini mu mavumbi mbele ya mlango. Georges alikimbia akifikiri nimeanguka. Nikamuambia aniache, nasoma.

Minye sikukukasirikia. Nilisema tu na Mungu kila jioni: huyu mutoto ni mugumu kama sisi wote, umusaidie. Umefanya neno kubwa. Mu ukoo yetu hakuna mukubwa amefanya, hata minye sijafanya, na niko na watoto wawili wanaongoja. Umenifanya nifikiri, sipendi.

Ile Mama Hélène nimeanza kumupenda. Umusalimie toka kwangu, usimuambie sababu.

Sasa niambie. Mutoto analala mukavu? Ile plastiki inasaidia? Amerudi ku chumba ya ngoma? Anakuambia nini? Unaniacha huku na macho yangu na sina kitu cha kusoma. Andika yote, usinifiche kama ile mara ya mbuzi. Minye nilianza naye huyu mutoto tangu mwanzo, niko na haki ya kujua.

Moyo wenu wote.

Shangazi yako anayengoja,
Mathilde


Kikula, Likasi, tarehe 22 Juni 2025

Shangazi Mathilde, tatu mukaji wangu,

Moyo webe. Baridi ya mwezi wa sita imeingia, asubuhi watoto wanafika wamevaa makoti ya baba zao, mikono ya makoti inaburuzika chini. Baba nilimsomea maneno yako juu ya injini. Alizima redio kwa heshima, kisha akaomba nimsomee tena. Cathy anakonda kwa ajili ya harusi na mchumba wake ananenepa, sijui nani atambeba nani. Mama Hélène nimempa salamu zako. Aliuliza wewe ni nani hasa, nikasema ni dada wa Baba, asiyesikia. Akasema huyo angekuwa mwombezi mzuri.

Tumo katika mitihani ya mwisho. Jaël anaandika. Mkono wake haujawa juu kama zamani, lakini juzi katika hesabu uliinuka mpaka sikioni, ukakaa hapo, nikajifanya nimeuona kwa bahati. Jibu lilikuwa sahihi. Midomo yake imepona. Atapanda darasa la tano, hilo nakuhakikishia, na mama yake amekwisha kuniuliza bei ya kitambaa cha sare.

Chumba cha ngoma kimeanza kupata watu. Walikuja kwanza wawili pamoja, wakacheka tu wakaondoka. Halafu mmoja mmoja. Alhamisi alikuja yeye. Aliingia, akafunga mlango mwenyewe, akaangalia kama umefungika, akaketi juu ya ngoma kubwa. Akaongea mpaka kengele ikalia, na baada ya kengele akaendelea. Alipomaliza akasema, «Madame, hii uniombee. Lakini weye tu.» Nikamwombea pale pale, kwa sauti ndogo, na macho wazi.

Sasa umeniuliza kama analala mkavu, na plastiki inasaidia, na ananiambia nini. Nimesoma maswali yako mara nyingi. Najua umengoja. Najua bila wewe huyu mtoto leo angekuwa kwenye sufuria ya mafuta, na mimi peke yangu na ngoma zangu. Ukiniuliza juu yangu nitakuandikia karatasi mbele na nyuma, mpaka ndoto zangu. Ukiniuliza juu ya Baba nitakuambia hata yale aliyonikataza.

Haya mengine sikuandikii, Shangazi. Ni ya Jaël.

Mtoto wako anayekupenda,
Orpha